Edward Saidi Tingatinga: Maisha ya Fundi Aliyechora kwa Ajili ya Kuuza

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi nchini mwetu, kazi iliyotengenezwa kwa mkono ili iuzwe imekuwa ikitazamwa kwa jicho la mashaka. Wahakiki wa kigeni waliibandika jina la kejeli, sanaa ya kiwanja cha ndege, na baadhi yetu tukalipokea jina hilo bila kulipima. Mtazamo huo unadai kwamba kitu kikishalengwa mnunuzi kimepungukiwa na usanii, kana kwamba tamaa ya mkate huondoa ustadi wa vidole. Makala haya yanakusudia kuuchunguza mtazamo huo kwa kuyafuatilia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana mbali zaidi ya Afrika ya Mashariki, yaani Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972.

Kwa mwanaisimu, pa kuanzia ni neno lenyewe. Sanaa limetoka katika Kiarabu, katika mzizi unaohusu kutengeneza, na katika lugha hiyo maneno ya ukoo wake hutaja ufundi, kiwanda na kazi ya mikono. Kiswahili kililipokea neno pamoja na maana hiyo ya ustadi wa kutenda. Mpaka unaotenganisha sanaa safi na ufundi wa kawaida haumo katika neno: umekuja baadaye, kwa njia ya shule na vitabu vya Ulaya. Mkoani Singida, ambako mwandishi wa makala haya amepata kukusanya msamiati wa kazi za mikono miongoni mwa Wanyaturu, mama anayesuka kikapu hakupi jibu ukimwuliza kama anachokifanya ni sanaa au ni biashara. Atakuonyesha kama msuko umeshikamana au umelegea, kama rangi imeingia au itachujuka, kisha atakutajia bei. Kikapu cha kubebea nafaka ya nyumbani na kile cha kupeleka gulioni hutoka katika mikono ileile. Haioni aibu katika hilo, wala hana sababu ya kuiona. Ni kwa kipimo cha mama huyu, badala ya kile cha wahakiki tuliowataja, kwamba tunapendekeza kuyatazama maisha ya Tingatinga.

2.0 Kutoka Tunduru hadi Msasani

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, kama vyanzo vingi vinavyotaja, katika kijiji cha Namochelia, eneo ambalo leo hujulikana kama Nakapanya, wilayani Tunduru. Majina yake mawili ya kwanza ni historia fupi ya nchi ya kusini: Saidi lilitoka upande wa baba, aliyekuwa Mwislamu, na Edward upande wa mama, aliyekuwa Mkristo. Baba alikuwa Mngindo, mama Mmakua. Mtoto alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi, akalima na wazazi wake kama walivyolima wenzake.

Tunduru ya wakati huo ilikuwa mbali na kila kitu ambacho serikali ya kikoloni ilikiita maendeleo. Barabara zilikuwa chache, soko la mazao lilikuwa dhaifu, na kijana aliyehitaji fedha ya kodi na ya nguo hakuwa na njia nyingi za kuchagua. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa yakiwavuta vijana wa kusini kwa maelfu. Walipewa namba, na kwa namba hizo lugha ikawapa jina: manamba. Katikati ya miaka ya 1950 Tingatinga naye alikwenda Tanga akawa mmoja wao. Inafaa tukumbuke jambo hili tunapofika baadaye katika habari za jina lake, kwani mtu ambaye jina lake limekuja kuwa mali ya ulimwengu mzima aliwahi kuishi mahali ambapo namba ilitangulia jina.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 aliiacha mikonge, akaja Dar es Salaam. Alifanya kazi za nyumbani kwa Mwingereza mmoja, akiwa mtumishi kama maelfu ya watu wa bara waliohudumia nyumba za Oyster Bay, na akaishi Msasani, kitongoji kilichokuwa jirani na nyumba hizo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 wageni wengi waliondoka na ajira za namna hiyo zikayumba. Tingatinga akaingia katika maisha ambayo siku hizi tungeyaita ya umachinga: vibarua vya hapa na pale, kuuza mboga, na muziki, ambao aliupenda sana. Kwa hiyo, kabla hajaishika brashi, alikuwa amekwisha kujifunza mambo mawili ambayo chuo cha sanaa hakifundishi. Aliijua nyumba ya mnunuzi kutoka ndani, na alijua jinsi ya kusimama na bidhaa mkononi mpaka mtu anunue.

3.0 Kazi

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka kama 36. Inaelezwa kwamba aliziona picha zilizochorwa na mafundi kutoka Kongo zikiuzwa mjini Dar es Salaam, akaona kwamba kazi ile aliiweza. Maelezo haya yanaaminika, kwa sababu picha za kuuza kutoka Kongo zilikuwa zimeenea sana katika miji ya Afrika ya Mashariki katika miaka hiyo. Hata hivyo, picha zake hazikufanana na zile. Wakongo walipenda mandhari: mto, mitende, machweo, mitumbwi. Tingatinga aliweka mnyama mmoja, au ndege mmoja, au wawili, katikati ya ubao, juu ya rangi moja tupu. Nyati akajaza nafasi yote mpaka pembe zikakaribia ukingo. Chui akageuza kichwa akamtazama mtazamaji.

Vifaa vyake vinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo mtindo. Hakutumia turubai wala rangi za wachoraji, ambazo zilikuwa ghali na adimu. Alitumia silingibodi, yaani ubao mwembamba wa kuzibia dari, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli iliyouzwa kwa makopo madogo. Ubao wa kawaida wa dari una upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Ukiukata kwa futi mbilimbili unapata vipande 8 vya mraba, na hakibaki kipande cha kutupa. Picha zake nyingi zina ukubwa huohuo, takribani sentimita 60 kwa 60. Watafiti wa sanaa wamekuwa wakiutafutia mraba huu sababu za kiurembo. Sisi tunaona kwamba msumeno na bei ya ubao vinatosha kuueleza. Tena kipande cha kimo hicho kiliweza kuingia katika mzigo wa mgeni anayerudi kwao, jambo ambalo mtu aliyepata kufanya kazi katika nyumba za wageni hakukosa kulitambua.

Rangi ya baiskeli nayo ina tabia zake. Hung'aa, haichujuki upesi kwa jua wala kwa maji, na haichanganyiki kwa wepesi ubaoni. Anayetaka kuonyesha kivuli kwa kufifisha rangi moja ndani ya nyingine atapata tope. Ndiyo maana rangi katika picha za Tingatinga husimama kila moja peke yake, na mwili wa mnyama hupewa uhai kwa madoa, mistari na nukta zilizowekwa juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Kukauka huko huchukua saa nyingi. Fundi hawezi kukaa akiusubiri ubao mmoja, hivyo huwa na kadhaa kwa pamoja: huu unapakwa rangi ya chini, ule unachorwa umbo, mwingine unatiwa madoa. Mtu akiuangalia utaratibu huu ataona kwamba karakana ya watu kadhaa ilikuwa imo ndani ya kopo la rangi hata kabla ya kupatikana mwanafunzi wa kwanza.

Upande wa pili wa kazi ulikuwa kuuza. Mwaka 1970 Tingatinga alimwoa Agatha Mataka, na ni mkewe huyu aliyezipeleka picha Morogoro Stores, duka la Oyster Bay ambalo wageni na maofisa walilitegemea kwa mahitaji yao, akaziuza nje ya duka hilo. Simulizi nyingi za maisha ya Tingatinga humtaja Bibi Agatha kwa sentensi moja, kisha huendelea na habari za wanaume waliochora. Tunadhani hapo pana upungufu. Yule anayekaa na bidhaa mbele ya mnunuzi ndiye anayejua ni mnyama gani aliyeshikwa na kurudishwa, ni rangi gani iliyochukuliwa kwanza, na ni bei gani iliyomfanya mtu acheke au afungue pochi. Habari hizo zilirudi nyumbani pamoja na fedha. Iwapo mtindo huu ulilelewa na soko, basi aliyekuwa akilisikiliza soko kila siku ana fungu lake katika malezi hayo.

Kadiri wanunuzi walivyoongezeka, ndivyo alivyowaingiza vijana wa ukoo na wa nyumbani kwao kusini. Majina yao yamehifadhiwa: January Linda, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Hawakuandikishwa, hawakulipa ada, wala hakukuwa na mtihani. Walijifunza kwa kukaa karibu na kutenda, kama mtoto anavyojifunza kusuka ukili au kufinyanga chungu. Huu ni mfumo uleule uliowaleta mjini Wamakonde wachongaji wa mpingo, ambao katika miaka ya 1950 walikuwa wakichonga kwa ajili ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam kama Mohamed Peera: mmoja hutangulia, hupata mnunuzi, kisha huwaita ndugu zake. Undugu ulifanya kazi ya chama, ya benki na ya chuo kwa wakati mmoja.

Nchi nayo ilikuwa ikibadilika. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na biashara ya sanaa za mikono, kama biashara nyingine, ilivutwa chini ya mashirika ya umma. Kampuni ya sanaa iliyokuwa tanzu ya Shirika la Maendeleo la Taifa ilianza kununua picha za Tingatinga. Soko hili jipya lilikuwa na uhakika kuliko la nje ya duka, na kwa mara ya kwanza fundi wa Msasani akawa na mnunuzi wa kudumu. Katika kipindi hichohicho alipata pia ajira ndogo katika Hospitali ya Muhimbili. Baadhi ya waandishi huipita ajira hiyo haraka, kana kwamba inamshushia hadhi. Kwetu ni ushahidi wa busara ya kawaida ya mtu mwenye mke na watoto wawili, anayejua kwamba wiki moja inaweza kupita bila picha hata moja kununuliwa.

4.0 Suala la asili ya michoro

Hapana budi kusema neno kuhusu mjadala wa asili, kwani umewashughulisha wengi na wakati mwingine umepotosha. Wapo waliotaka kumwunganisha Tingatinga na michoro ya kale ya miambani katika Tanzania ya kati, yaani ile ya Kondoa na ya Singida. Wazo hilo lina mvuto. Michoro ya miambani ya Singida na Iramba, ambayo Profesa Fidelis Masao aliichunguza katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1979, ina wanyama wengi waliochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe, na mtu aliyeizoea picha ya nyati wa Tingatinga anaweza akadhani ameona jamaa yake kwenye jiwe. Lakini kufanana kwa umbo si ushahidi wa nasaba. Wanaisimu wanalijua hilo vizuri: maneno mawili ya lugha mbili yanaweza yakalingana kwa sauti na kwa maana, yasiwe na asili moja. Ili kuthibitisha uhusiano lazima ionyeshwe njia ya kupitia, na njia aliyoipita mtu huyu tunaijua. Ilitoka Tunduru, ikapita Tanga, ikaishia Dar es Salaam. Haikugusa Singida.

Hoja ya uchoraji wa kutani ina nguvu zaidi. Mwaka 1906 mwanaethnografia wa Kijerumani, Karl Weule, alisafiri katika nchi ya kusini, miongoni mwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, akakuta watu wakichora kwenye kuta za nyumba zao, na akakusanya michoro waliyomchorea kwenye karatasi. Desturi ya kupamba ukuta wa udongo kwa maumbo ya watu na wanyama ilikuwapo basi katika eneo alikozaliwa Tingatinga, zaidi ya miaka 20 kabla ya kuzaliwa kwake. Haitoshi kutuambia kwamba kila doa la chui lilitoka ukutani. Inatosha kutuambia kwamba mtoto wa Namochelia hakuhitaji mwalimu wa kigeni ili kujua kuwa mnyama anaweza kuchorwa.

Ni vyema pia tuangalie kinachopatikana kwa kulitafuta sana chimbuko la kale. Picha inayohusishwa na maelfu ya miaka hupanda hadhi, na pengine bei, mbele ya mnunuzi wa mbali. Fundi aliyekata silingibodi kwa hesabu na kupaka rangi ya baiskeli hupotea nyuma ya mababu asiowajua. Tunamheshimu zaidi tukimwacha alipokuwa.

5.0 Kifo, na safari ya jina

Tingatinga aliuawa mjini Dar es Salaam mwaka 1972. Alikuwa ndani ya gari usiku pamoja na wenzake, polisi wakawadhania kuwa wahalifu wanaotoroka, wakafyatua risasi. Alikuwa na umri wa miaka 40, na tangu aanze kuchora ilikuwa imepita miaka minne tu. Aliacha mjane kijana, watoto wadogo, na vijana wachache waliokuwa bado wanajifunza.

Wakati huo mtu angeweza kutabiri kwamba kazi ile ingekoma. Haikukoma, na sababu yake inarudi kwenye mambo tuliyoyaeleza. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya karakana, ujuzi wake haukuwa umefungwa katika kichwa cha mtu mmoja. Kwa kuwa ilikuwa na soko linalojulikana mahali lilipo, waliobaki walijua asubuhi waende wapi. Linda hakuendelea nayo kwa muda mrefu. Mpata alihamia Nairobi, akachora huko mpaka alipofariki mwaka 1984, na picha zake zikapendwa sana na Wajapani. Waliobaki Dar es Salaam walijiunga wakafanya kazi kwa ushirika usio rasmi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina la mwanzilishi wao, wakiendelea kuuzia katika eneo lilelile la Morogoro Stores. Nukta zikaongezeka, wanyama wakawa wengi katika ubao mmoja, yakaingia masoko, hospitali, mabasi na Mlima Kilimanjaro. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni upotofu wa mtindo wa asili. Malalamiko hayo yanasahau kwamba mwanzilishi mwenyewe alikuwa akiusikiliza mlango wa duka.

Suala gumu zaidi ni la jina. Katika Kiswahili cha kila siku tingatinga ni mashine: trekta, au mtambo mkubwa wa kusukuma udongo. Ni nomino ya ngeli ya li-/ya-, na wingi wake ni matingatinga. Tangu miaka ya 1970 limezaliwa neno la pili lenye umbo lilelile, kutokana na jina la mtu, na tabia yake ya kisarufi ni tofauti. Husemwa picha za tingatinga, mchoraji wa tingatinga, kuchora tingatinga. Lakini msemaji hasemi amenunua matingatinga mawili, isipokuwa awe mkandarasi wa barabara. Neno hili la pili limekataa wingi kwa sababu halitaji kitu kinachohesabika, bali namna ya kufanya. Ni mfano mzuri, na ambao haujachunguzwa vya kutosha, wa jina la pekee linalogeuka kuwa nomino ya kawaida mbele ya macho yetu.

Lugha ilipolichukua jina, soko nalo lililichukua. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama sheria nyingi za aina hiyo duniani, humlinda mtu katika kazi mahususi aliyoitenda, hailindi mtindo. Yeyote, popote, anaweza kuchora chui mwenye madoa juu ya rangi moja akauita tingatinga. Mwaka 2010 mfululizo wa katuni za watoto uliotengenezwa Nairobi kwa kushirikiana na Waingereza, wenye jina la Tinga Tinga Tales, ulianza kuonyeshwa na BBC, na watoto wa Uingereza wakalijua jina la mtu wa Tunduru bila kujua kwamba ni jina la mtu. Wakati huohuo picha zenye sahihi yake zimeendelea kutokea katika masoko ya ughaibuni kwa wingi usioweza kulingana na miaka minne ya kazi, ingawa mikono ya karakana ilikuwa mingi, na wanunuzi hulipa fedha nyingi kwa wataalamu ili wawaambie ipi ni yake na ipi ni ya kughushi. Mtu ambaye picha zake ziliuzwa nje ya duka sasa hutafutiwa vyeti vya uthibitisho.

Wachoraji wa Oyster Bay wamelitatua suala hili kwa namna yao. Ukimwuliza kijana aliyeinama juu ya ubao anachora nini, atakujibu kwamba anachora tingatinga, akilitamka kama anavyotamka seremala neno meza. Akimaliza na rangi ikikauka, hugeukia kona ya chini ya picha, akaandika jina lake mwenyewe.